Wembe, Nukta au Hina: Hesabu ya Nyusi za Kudumu Pwani ya Ruvuma

Anayetaka nyusi za kudumu huingia saluni na picha kwenye simu. Picha inaonyesha vinyweleo vilivyochorwa kimoja kimoja, vyembamba, vimelazwa upande mmoja, na mpambaji huulizwa swali moja tu: "Dada, unaweza kunitolea kama hizi?" Swali hilo linaruka karibu kila jambo lenye uzito. Picha imepigwa dakika chache baada ya kazi kwisha, mara nyingi kwenye ngozi nyeupe na kavu, ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Mwenye simu ana ngozi nyeusi yenye mafuta, anakaa Mikindani au Msimbati huku Mtwara, jasho linamtoka tangu asubuhi, na pengine bamvua ikifika hushinda miambani akichokoa pweza.

Zipo mbinu nyingi za kuchora nyusi, na kila moja ina watetezi wake. Tukizipanga kwa uzuri wa siku ya kwanza, zinazochora vinyweleo kwa mkono hushinda. Tukizipanga kwa hali zitakavyokuwa baada ya mwaka mmoja, juu ya ngozi ya hapa, chini ya jua la hapa, na fundi wa kurekebisha akiwa mbali, mpangilio unageuka karibu wote.

Kinachokaa juu na kinachoingia ndani

Mstari wa kwanza wa kuchora ni kati ya rangi inayokaa juu ya ngozi na rangi inayopelekwa chini yake.

Juu ya ngozi kuna wanja wa penseli, ambao jioni unafutika. Kuna hina, inayotia rangi kwenye tabaka la juu la ngozi na kwenye vinyweleo. Kwenye ngozi hudumu siku kadhaa hadi wiki mbili hivi, kwenye vinyweleo hukaa zaidi. Kuna pia tinti na piko, rangi za nywele zinazopakwa kwenye nyusi. Hizo hazina kazi kubwa kwa aliyetinda nyusi zake miaka mingi hadi zikakataa kuota, kwa sababu hushika zaidi kwenye kinyweleo.

Chini ya ngozi kuna njia tatu kubwa. Ya kwanza ni maikrobledingi. Jina lake linamaanisha wembe mdogo, lakini kifaa chenyewe ni mpini wenye safu ya sindano nyembamba zilizopangwa kama meno ya kitana. Mpambaji huukokota kwa mkono na kukata michirizi myembamba, kisha huipaka rangi ikaingia. Ya pili ni nyusi za poda, ambazo wengine huziita ombre: mashine yenye sindano huchoma nukta ndogo nyingi, na zikikusanyika huonekana kama nyusi iliyopakwa wanja vizuri, nyepesi kwa mbele na iliyokolea kuelekea mkiani. Ya tatu ni nano, inayochora vinyweleo kama maikrobledingi lakini kwa sindano ya mashine. Wapo wanaochanganya, vinyweleo mbele na poda nyuma.

Tofauti inayobeba mengine yote ni kwamba wembe unachana na sindano ya mashine inachoma. Mchirizi ni jeraha refu lenye kingo mbili, nukta ni tundu dogo linalojifunga haraka. Kwa macho ya mteja tofauti hiyo ni ya mtindo tu, lakini ngozi huyapokea majeraha hayo mawili kila moja kwa namna yake.

Kudumu ni kwa muda gani

Matangazo husema maikrobledingi hukaa mwaka mmoja hadi miwili, poda mwaka mmoja na nusu hadi mitatu, kisha rangi huondoka yenyewe. Nusu ya kwanza ya maneno hayo ina ukweli kwa wateja wengi. Nusu ya pili inahitaji tahadhari.

Ngozi ya juu hujibadilisha kila baada ya wiki chache, kwa hiyo rangi iliyobaki huko hupukutika pamoja na magamba. Ndiyo maana nyusi huonekana nyeusi mno siku za mwanzo, zikapauka, zikarudi tena, na mteja akaitwa baada ya wiki sita hadi nane kuongezewa. Rangi iliyofika ngozi ya ndani ina maisha mengine. Humezwa na seli za ulinzi, zile zinazokula uchafu na vijidudu. Utafiti uliotoka Ufaransa mwaka 2018, uliofanywa kwa panya, ulionyesha kwamba seli iliyobeba rangi ikifa, rangi humwagika na kumezwa na seli nyingine jirani. Chembe hubaki palepale huku wabebaji wakipokezana. Jua na muda huzipunguza, lakini hakuna anayeweza kuahidi kwamba zitaisha zote. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, huhesabu rangi hizi kuwa ni tatuu, liwe jina gani kwenye chupa.

Kinachobaki pia hubadilika rangi. Wino unaotegemea kaboni, ukiingia ndani sana, huonekana wa kijivu au wa buluu kupitia ngozi. Wino unaotegemea oksidi za chuma unaweza kubaki mwekundu au wa machungwa rangi nyingine zilizochanganywa nao zinapotangulia kufifia. Wingi wa madoa ya ajabu yanayoonekana juu ya macho ya watu baada ya miaka michache una moja ya sababu hizo mbili, kina au mchanganyiko.

Pwani hii inaujua wembe

Kusini hapa kuna ushahidi wa zamani kuliko saluni yoyote. Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma walichora nembo usoni, kifuani na tumboni kwa vizazi vingi. Fundi alichanja ngozi kwa chuma kidogo, akasugua unga wa mkaa ndani ya chale, na jeraha lilipopona mchoro ulibaki na weusi unaoelekea buluu. Kazi ilirudiwa ili mistari ikolee. Mtafiti Mjerumani Karl Weule, aliyezuru Newala na Mahuta mwaka 1906, aliandika kwa kirefu kuhusu makovu ya mapambo aliyoyaona kwa wanawake wa huko. Desturi ilififia katika karne ya 20, ng'ambo ya mto, nchini Msumbiji, ikipigwa vita na Frelimo wakati wa harakati za ukombozi, lakini bibi wachache wenye nembo bado wapo.

Ukiacha maana ya kila mchoro na ukaangalia ufundi peke yake, nembo na maikrobledingi ni hatua zilezile: kata, paka rangi, subiri ipone, rudia. Matokeo yake nayo yanajulikana. Rangi ya kaboni ndani ya ngozi nyeusi huwa ya buluu, na chale kwenye ngozi nyeusi huweza kuinuka. Fundi wa nembo aliyataka yote mawili, kwani mchoro uliovimba na usiofutika ulikuwa ndio sifa ya kazi yake. Bibi harusi wa leo anayakimbia yote mawili. Anatumia njia ileile na kutarajia ngozi iitike tofauti.

Tofauti za kina na usafi zipo, wala wembe wa saluni haufiki kilikofika chuma cha fundi wa nembo. Sehemu ya juu ya uso nayo haipati makovu manene kwa wingi kama masikio, kifua na mabega. Lakini watu wenye ngozi nyeusi ndio wanaopata makovu hayo zaidi duniani, na hata kovu lisipoinuka, ngozi nyeusi huacha weusi wa ziada kila inapoumizwa. Mchirizi wa wembe ukiacha weusi pembeni, kinyweleo kilichochorwa hunenepa, na kinyweleo kilichonenepa hakifanani tena na kinyweleo.

Mafuta ya ngozi yanakuja juu ya hayo. Vinyweleo vya wembe hupendeza kwa sababu kuna nafasi safi kati ya mchirizi na mchirizi. Kwenye ngozi yenye mafuta na joto, mistari hutanuka ikakutana, na baada ya miezi kadhaa huwa kivuli kimoja kisicho na umbo. Poda haina tatizo hilo kwa sababu tangu mwanzo ni kivuli. Nukta zikitanuka kidogo, nyusi hupungua makali tu bila kupoteza sura. Nano ipo katikati: inaumiza kidogo kuliko wembe, lakini mistari yake nayo hutegemea nafasi zibaki safi.

Ngozi iliyochubuliwa

Kuna kundi ambalo mbinu zote za sindano hazilifai kwa sasa, nalo ni wanaotumia mkorogo. Krimu za kujichubua, zile zenye steroidi hasa, hufanya ngozi iwe nyembamba. Ngozi nyembamba hutoka damu haraka, damu husukuma rangi nje, na sindano iliyopimwa kwa ngozi ya kawaida hupita kina chake. Hidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, lakini mikorogo yenye viambata hivyo bado inauzwa kwa siri. Rangi ya nyusi iliyochaguliwa kulingana na uso uliochubuliwa haitalingana na uso huo siku mwenyewe atakapoacha. Aliye katika hali hiyo aache mkorogo kwanza, asubiri ngozi irudi, ndipo azungumze habari ya nyusi.

Bamvua, salfa na harusi

Jeraha la nyusi huhitaji siku 10 hadi 14 za kupona kwa nje. Katika siku hizo halitaki kulowana kwa muda mrefu, chumvi, jasho jingi, jua kali wala kukunwa. Kwa anayefanya kazi ofisini Shangani sharti hilo ni usumbufu mdogo. Kwa wengine ni hesabu ya riziki.

Chukua mwanamke wa Msimbati anayechokoa pweza au anayelima mwani. Kazi yake inakwenda na bamvua, maji yanapokupwa mbali mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Bamvua hurudi kila baada ya siku 15 hivi. Akichora nyusi mwanzo wa maji mafu, bamvua inayofuata itamkuta hajapona. Akichora katikati ya bamvua, atapoteza siku zilizobaki na bado hana uhakika wa ile ijayo. Hakuna namna ya kupanga wiki mbili za kupona zikapita bila kugusa bamvua. Na akirudi kuongezewa baada ya wiki sita, hesabu inaanza upya. Kwake bei ya nyusi ni malipo ya saluni na pweza wa bamvua mbili.

Mkulima wa korosho ana kalenda yake. Msimu wa kusi, kati ya Juni na Agosti, hewa ni ya baridi kidogo na kavu. Kwa ngozi hicho ndicho kipindi bora cha kupona, lakini ndicho kipindi cha kupulizia salfa dhidi ya ubwiri unga, na vumbi la salfa huwasha macho na ngozi hata isiyo na jeraha. Oktoba minada inaanza, fedha zinaingia, harusi zinafuatana, na kila mtu anataka nyusi wakati joto limepanda na mvua zinakaribia. Anayebangua korosho nyumbani aogope zaidi: mafuta ya ganda huunguza ngozi na kuacha alama, na kidole chenye mafuta hayo kikigusa nyusi mbichi, kinachotokea hakirekebishwi kwa rangi. Anayeenda shambani katika miezi ya salfa, au anayebangua, ana sababu ya kutosha kukaa na hina hadi kazi iishe.

Harusi nayo ina mtego wake. Bibi harusi huchora nyusi wiki moja kabla ya sherehe, siku zilezile anaposuguliwa singo na liwa. Kusugua huondoa magamba kabla ya wakati, na rangi hutoka kwa mabaka. Wiki moja baada ya kuchora ndiyo pia siku za kubabuka, nyusi zinapoonekana mbovu kuliko wakati mwingine wote. Anayetaka sindano kwa ajili ya harusi aende miezi mitatu kabla, apate na marudio yake, kisha msugua singo aambiwe apishe mbali na nyusi. Asiye na miezi mitatu atumie hina. Hina ya siku mbili kabla ya harusi hufika kwenye sherehe ikiwa imekolea.

Udhu na hukumu ya kuchanja

Kwenye pwani ya Waislamu wengi, mjadala wa nyusi haumalizikii kwenye ngozi. Kuna masuala mawili, na mara nyingi huchanganywa.

La kwanza ni udhu. Penseli ya nta isiyotoka kwa maji hufanya tabaka linalozuia maji kufika kwenye ngozi, kwa hiyo huondolewa kabla ya kutawadha. Hina inaacha rangi bila tabaka, na rangi iliyo chini ya ngozi haizuii maji. Kwa kipimo cha udhu peke yake, sindano haina shida baada ya kupona. Shida ipo katika siku za jeraha, kwa sababu baadhi ya wapambaji hukataza maji kabisa huku mteja ana swala tano. Wengine huruhusu kuosha taratibu kwa maji safi bila kusugua. Suala hilo liulizwe kabla ya kulipa.

La pili ni kuchanja kwenyewe. Hadithi aliyoipokea Ibn Masud, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inawalaani wachanjaji ngozi na wachanjwaji, pamoja na wang'oaji wa nyusi. Masheikh wengi huiingiza maikrobledingi na poda katika hukumu hiyo kwa sababu rangi inapita chini ya ngozi. Wapo wanaotenganisha kinachofifia na kisichofifia, lakini maelezo ya awali kuhusu rangi inayobaki yanaudhoofisha mpaka huo. Mwenye kujali hukumu hiyo atakuta hina ndiyo njia yenye ubishi mdogo, hasa asipong'oa kwanza.

Mkono, sindano na chupa

Mbinu nzuri kwenye mkono mchafu ni mbaya kuliko mbinu duni kwenye mkono safi. Virusi vya homa ya ini aina B huweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi, kwenye doa la damu lisiloonekana kwa macho. Kwa hiyo sindano au wembe hufunguliwa mbele ya mteja kutoka kwenye pakiti iliyofungwa, na baada ya kazi hutupwa kwenye kisanduku cha vitu vyenye ncha kali. Kuchovya kifaa kwenye spiriti na kukitumia tena ni sababu ya kuinuka na kuondoka. Rangi nayo imiminwe kwenye kikombe kidogo cha mtu mmoja, na masalia yasirudishwe kwenye chupa.

Chupa zenyewe zina historia yake. Mwaka 2003 na 2004 FDA ilipokea zaidi ya taarifa 150 za watu waliodhurika na wino wa aina moja wa vipodozi vya kudumu. Januari 2022 Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia maelfu ya kemikali katika wino wa tatuu na wa nyusi. Wino usiokubalika huko unaweza kutafuta soko kwingine. Hapa nchini usimamizi wa vipodozi ulihamia Shirika la Viwango Tanzania, TBS, mwaka 2019, na mteja ana haki ya kuona chupa: jina, mtengenezaji, tarehe ya kwisha. Krimu ya ganzi nayo isichukuliwe kirahisi. Machi 2024 FDA ilionya dhidi ya krimu zenye lidokeini nyingi kupita kiasi, zikiwamo zilizouzwa kwa ajili ya kazi hizi.

Hata hina ina tahadhari yake. Hina halisi hutoa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Ile inayotoa weusi tititi kwa dakika chache kwa kawaida imetiwa kemikali iitwayo PPD, iliyomo pia kwenye piko nyingi, na PPD huweza kusababisha malengelenge na mzio unaobaki maisha yote. Hina yoyote ipakwe kwanza nyuma ya sikio na kusubiriwa siku mbili.

Nani achague nini

Hukumu ya jumla inatokana na swali moja: kazi ikiharibika, nani atairekebisha? Mafundi wazoefu wengi wako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara. Mpambaji anayekuja kwa siku chache na kuondoka hatakuwepo wiki ya sita. Leza ya kufuta tatuu ni ya hatari zaidi kwenye ngozi nyeusi kuliko nyeupe, na wino wenye titani dioksidi huweza hata kuzidi kuwa mweusi unapopigwa. Kosa la hina hutoka kwenye ngozi kwa wiki mbili hivi. Kosa la poda nyepesi hufifia polepole bila kuvuta macho. Kosa la wembe hubaki na umbo lake, na pengine na kovu.

Kwa hiyo anayetafuta sura ya siku chache, anayeolewa karibuni, anayeishi kwa maji ya bahari na anayejali hukumu ya kuchanja, wote kwao ni hina. Aliyeamua kuingia kwenye sindano, mwenye ngozi nyeusi na yenye mafuta, achukue poda ya mashine, nyepesi kuliko anavyotamani, kwa sababu kuongeza kunawezekana na kupunguza ni kazi. Wembe ubaki kwa wachache: ngozi kavu, nyusi zao wenyewe bado zipo za kufunika michirizi, hakuna kovu lililoinuka kwenye tundu la sikio, kwenye chanjo ya begani au kwenye mshono wa upasuaji, na fundi anayepatikana mwaka mzima. Mjamzito asubiri. Mwenye kisukari, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mwenye vitiligo, ambaye madoa yake huweza kuzuka palipochomwa, wamwone daktari kwanza.

Na mpambaji aombwe picha za aina nyingine: kazi yake mwenyewe, kwenye ngozi kama ya mteja, baada ya mwaka mmoja. Asiye nazo apake hina na alipwe ya hina.